Madaftari ya Shosho na Miaka Mia Moja ya Dawa za Sukari

Kuna video inazunguka kwenye simu za watu wiki hii. Jamaa amevaa koti jeupe, nyuma yake kuna rafu ya vitabu, na anasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba metfomini inaua figo, na ati madaktari wanajua lakini wamenyamaza kwa sababu wanakula pamoja na kampuni za dawa. Ushahidi wake? Anauliza mbona kila baada ya miaka michache wanabadilisha dawa. Kama ya kwanza ilikuwa nzuri, waliibadilisha kwa nini? Kwenye grupu yetu ya familia imetumwa mara tatu. Shangazi yangu mmoja ameshaacha vidonge vyake. Leo ni siku ya tisa, anakunywa maji ya bamia.

Sasa mimi sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, na mnaonifuata mnajua sijawahi kuficha hiyo. Siwezi kukuandikia dawa na sitajaribu. Lakini lile swali la yule jamaa ni swali la historia, na historia haihitaji koti jeupe. Kwa nini dawa za sukari zimebadilika hivi? Nani aliamua, na alikuwa anaogopa nini? Majibu yapo, yameandikwa, na enyewe ni matamu kuliko ile video. Msidhani pia nakuja kuwasafisha madaktari na kampuni. Kuna mahali wamechafuka kweli, tutafika.

Ramani yangu ni madaftari ya shosho. Kama una mgonjwa wa sukari nyumbani unajua ninachosema: lile daftari la shule la kurasa 80, limefunikwa na karatasi ya gazeti, ambalo kila kliniki wanaandika tarehe, presha, sukari ya asubuhi, na dawa. Shosho ana manne, ameyafunga kwa raba. La kwanza limeanza 1996. Nimeyasoma yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na nikiangalia dawa tu, niache namba zingine zote, naona kama nasoma historia ya dunia kwa mwandiko mbaya.

Lakini lazima turudi nyuma ya daftari la kwanza kidogo.

Kabla ya 1922, mtoto akipata sukari, ile aina ya kwanza inayoanza utotoni, alikuwa anakufa. Daktari maarufu Marekani alikuwa Frederick Allen, na tiba yake ilikuwa njaa. Sio kupunguza chapati, nasema njaa: wagonjwa wengine walishushwa hadi kalori kama 400 kwa siku ili wasogeze kifo mbele miezi kadhaa. Binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Elizabeth Hughes, alikuwa na karibu miaka 15 na kilo kama 20. Mtoto wa waziri, nchi tajiri, na dawa ni kukosa chakula.

Halafu Toronto, Kanada. Frederick Banting na Charles Best, wakiwa katika maabara ya J.J.R. Macleod, wanatoa maji fulani kutoka kwa kongosho la mbwa, baadaye la ng'ombe. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, anadungwa sindano ya kwanza. Haikufanya kazi vizuri, tena alivimba pale alipodungwa. Mwanakemia James Collip akakaa akaisafisha ile dawa kwa siku kumi na mbili, wakamdunga tena tarehe 23, sukari ikashuka. Elizabeth Hughes akapelekwa kwa Banting mwaka huohuo. Alikufa 1981, mwanamke mzee.

Haki ya uvumbuzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu. Dola moja. Banting hakutaka hata jina lake liwe kwenye ile hati. Weka hiyo akilini, tutaihitaji tukifika kwa bei.

Huku kwetu wakati huo habari ilikuwa tofauti. Daktari Mwingereza, Hugh Trowell, alifika Kenya 1929, baadaye akaenda Uganda akafanya kazi miaka mingi Mulago. Kwa maoni yake, sukari na presha vilikuwa adimu mno miongoni mwa Waafrika aliowatibu, na alikuja kuamini sababu ni chakula chetu cha nafaka zisizokobolewa na maharagwe. Sehemu ya hoja yake imesimama mpaka leo. Lakini kile watawala na wengine walichobaki nacho kichwani ni kifupi zaidi: sukari ni ugonjwa wa Mzungu, Mhindi na tajiri. Mpaka leo mtaani utasikia "huo ni ugonjwa wa wakubwa." Na ukiamini ugonjwa haupo, hununui dawa yake, hufundishi nesi kuupima. Utafiti wa kitaifa wa 2015 uligundua karibu Wakenya watu wazima 88 kati ya 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Hiyo ni miaka 86 baada ya Trowell kushuka melini.

Haya, vidonge. Insulini ni sindano, na watu wengi wenye sukari ya ukubwani bado kongosho lao linafanya kazi kiasi. Kila mtu alitaka kidonge.

Cha kwanza kilipatikana kwa bahati, tena bahati ya kutisha. 1942, Montpellier, Ufaransa, katikati ya vita. Daktari Marcel Janbon alikuwa anajaribu dawa ya jamii ya salfa kutibu homa ya matumbo. Wagonjwa wakaanza kuzirai na kutetemeka, wengine wakafa. Sukari yao ya damu ilikuwa imeshuka vibaya. Mwenzake, Auguste Loubatières, akaelewa: hii dawa inalikamua kongosho litoe insulini. Kutoka hapo ndipo zikaja tolbutamidi miaka ya 1950, klopropamidi, na mwisho wa miaka ya 1960 glibenklamidi, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Daonil.

Sasa fungua daftari la kwanza la shosho. 1996: klopropamidi. Asubuhi moja. Hakuna kingine. Klopropamidi inakaa mwilini muda mrefu sana, zaidi ya siku nzima, kwa hivyo mzee akiimeza kisha akose chakula cha mchana kwa sababu yuko shambani, inaendelea kumshusha tu. Mama yangu anakumbuka shosho akianguka jikoni, jasho jingi, anaongea maneno hayana mpango. Walimpa chai ya sukari akaamka. Majirani walisema ni pepo. Kwenye daftari imeandikwa kwa Kiingereza neno moja, na ukurasa unaofuata dawa imebadilishwa kuwa Daonil.

Unaona? Yule jamaa wa video angesema "mbona walibadilisha." Walibadilisha kwa sababu mama mzee alianguka jikoni. Na si yeye peke yake. Daonil nayo ina tabia hiyohiyo ya kushusha sukari kupita kiasi kwa wazee, na ndiyo maana baadaye Shirika la Afya Duniani liliweka glikilazidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu na kuonya kuhusu kuwapa glibenklamidi waliopita miaka 60. Lakini Daonil ni bei rahisi na iko kila duka la dawa, kwa hivyo nenda kliniki yoyote ya mashambani leo uone kama haiko.

Ngoja sasa nikupeleke kwa metfomini yenyewe, maana hii ndiyo kesi iliyotuleta hapa.

Kuna mmea Ulaya unaitwa Galega officinalis, una maua ya zambarau, ulitumika kwenye dawa za kienyeji za Wazungu karne nyingi. Naam, hata wao wana za kienyeji. Ndani yake kuna kemikali ya jamii ya guanidini inayoshusha sukari. Mwaka 1922, mwaka uleule wa sindano ya Toronto, wanakemia wawili wa Dublin walitengeneza metfomini maabara. Hakuna aliyejali. Insulini ilikuwa imeteka dunia nzima, nani atahangaika na unga wa Dublin? Dawa zingine za ukoo huo zilijaribiwa miaka ya 1920 zikaonekana zinaumiza ini, zikaachwa.

Halafu, karibu 1950, daktari mmoja Ufilipino, Eusebio Garcia, alikuwa anaitumia metfomini kutibu mafua, akaripoti kwamba inashusha sukari kidogo. Jean Sterne wa Paris akasoma hiyo, akaijaribu kwa wagonjwa wa sukari, na 1957 akachapisha matokeo. Akaiita Glucophage, yaani mla-sukari. Uingereza ikaanza kuitumia 1958.

Marekani je? Marekani walichagua ndugu yake. Fenfomini. Ilikuwa na nguvu zaidi, kampuni ikaisukuma, madaktari wakaiandika kwa mamia ya maelfu ya watu. Shida ni kwamba fenfomini ilikuwa inajaza damu asidi ya laktiki, na watu wakafa, hasa wenye figo dhaifu. 1977 serikali ya Marekani ikaiondoa kwa amri ya dharura, ikasema ni hatari ya papo hapo. Na wakati wanaifukuza, metfomini ikachafuliwa jina kwa sababu ya ukoo. Ni kama polisi kukukamata kwa sababu binamu yako aliiba. Ilikaa nje ya Marekani hadi Desemba 1994 ndipo FDA ikaikubali. Miaka 37 baada ya Sterne. Wafaransa na Waingereza wanaimeza, Mmarekani haijui.

Hapo ndipo ule uvumi wa figo ulikozaliwa, wasee. Metfomini haiharibu figo. Inatoka mwilini kupitia figo, kwa hivyo kama figo zako tayari zimechoka sana, inaweza kurundikana, na hapo daktari anapunguza ama anaisimamisha. Ndiyo maana wanakupima figo kabla na baada. Mtu anaona "dawa imesimamishwa, figo zimeharibika," anageuza mstari: figo zimeharibiwa na dawa. Kinachoharibu figo ni sukari iliyoachwa juu miaka na miaka. Pamoja na presha. Shangazi, kama unasoma, nimemaliza kukusema.

Turudi kwa ile tuhuma nzito, kwamba kuna watu wanajua na wananyamaza. Hii sitaiangusha haraka, kwa sababu imewahi kutokea, ama kitu kinachofanana nayo sana.

Miaka ya 1960 Marekani walianzisha utafiti mkubwa, University Group Diabetes Program, takriban wagonjwa 1,000, kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza vizuri: vidonge vinashusha sukari, sawa, lakini vinamfanya mtu aishi zaidi? 1970 matokeo yakatoka. Kati ya watu 204 waliopewa tolbutamidi, 26 walikufa kwa moyo na mishipa. Kati ya 205 waliopewa kidonge cha bure kisicho na dawa, walikufa 10.

Kelele ilikuwa kubwa. Habari ilivuja kwa magazeti kabla madaktari wengi hawajasoma chochote, wagonjwa wakaanza kupiga simu kliniki. Kundi la madaktari wakubwa wa sukari likaunda kamati na kwenda mahakamani kuizuia FDA isiweke onyo kwenye pakiti. Wengine walikuwa na hoja za kweli kuhusu jinsi utafiti ulivyofanywa, na mpaka leo watu wanabishana. Lakini fikiria: onyo lile lilikuja kuwekwa 1984. Miaka 14. Miaka 14 daktari anaandika, mgonjwa anameza, na wakubwa wako kortini wanabishana kuhusu sentensi moja ya kuchapishwa kwa karatasi.

Kisha ikajirudia, vibaya zaidi. 1997 Marekani walikubali troglitazoni. Ilikuwa mpya, ilikuwa na matangazo mazuri. Ikaharibu maini ya watu, ikaondolewa Machi 2000. Ndugu yake, rosiglitazoni, jina la dukani Avandia, iliingia 1999 na kuuza mabilioni. 2007 daktari wa moyo, Steven Nissen, akachukua matokeo ya majaribio mengi, akayajumlisha, akasema wanaoitumia wanaonekana kupata mshtuko wa moyo zaidi. 2010 Ulaya wakaisimamisha, Marekani wakaibana. Baadaye, 2013, Marekani wakasema ushahidi wa ile hatari haukuwa mzito vile na wakalegeza, lakini soko lilikuwa limeshakufa.

Kwa hivyo kama mtu anakwambia kampuni za dawa ni malaika, mwonyeshe mlango. Lakini ona ni nani aliyefichua. Hakuwa jamaa wa video. Walikuwa watafiti na madaktari haohao, kwa kuhesabu wafu. Na fujo ya Avandia ilizaa kitu kimoja kikubwa: 2008 FDA ikasema kuanzia sasa, kampuni ikileta dawa mpya ya sukari, kushusha sukari hakutoshi, ithibitishe pia kwamba haiongezi hatari ya moyo. Majaribio ya maelfu ya watu, miaka kadhaa, kwa pesa yao wenyewe. Kampuni zililia sana.

Mwaka huohuo wa 2008 kulikuwa na kishindo kingine. Utafiti wa ACCORD, zaidi ya watu 10,000, ulijaribu kushusha sukari kwa nguvu zote mpaka ifanane na ya mtu mzima asiyeumwa. Ukasimamishwa mapema upande huo kwa sababu waliobanwa sana walikuwa wanakufa zaidi. Ndiyo maana siku hizi daktari mzuri akiona mzee wa miaka 75 mwenye shida ya moyo hamkimbizi kama kijana wa 35. Kama umewahi kusikia daktari akisema "hii sukari ya nyanya inatosha hapo," hakuwa mvivu.

Na metfomini? Uingereza, chini ya Robert Turner wa Oxford, walikuwa wameanza utafiti wao polepole 1977, wakafuatilia watu miaka ishirini hivi. UKPDS. 1998 wakasoma matokeo. Kati ya wagonjwa wanene, kikundi kidogo cha watu 342 walikuwa wamepewa metfomini. Vifo vya sababu yoyote vilipungua kwao kwa asilimia 36 ukilinganisha na waliokuwa kwa tiba ya kawaida ya chakula. Kidonge kilichosahaulika Dublin, kikachafuliwa na binamu, kikakataliwa Marekani, sasa ndicho kilichookoa maisha. Kufikia 2006 vyama vikubwa vya madaktari wa sukari vya Marekani na Ulaya vilisema anza nacho siku ya kwanza.

Daftari la pili la shosho, 2007: metfomini, mara mbili kwa siku, baada ya kula. Hapo awali hakuwahi kupewa. Nimefurahi sana nilipoiona. Ni kama kuona wimbi lililoanzia Oxford likifika kwa mguu wa mama mmoja Murang'a, limechelewa miaka tisa, limelowesha tu kidole, lakini limefika.

2013, daftari la tatu, wanamwongezea insulini, Mixtard, chupa. Na hapa ndipo hadithi inaacha kuwa ya sayansi.

Kumbuka dola moja. Karne moja baada ya Toronto, kampuni tatu tu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, zinashika zaidi ya asilimia 90 ya soko la insulini duniani. Insulini yenyewe ilikuwa imebadilika: zamani ilitoka kwa nguruwe na ng'ombe, 1982 Marekani wakaidhinisha ya kwanza ya kutengenezwa na bakteria, halafu kutoka 1996 zikaja zile zilizobadilishwa kidogo zifanye kazi haraka ama polepole. Kila hatua mpya, bei mpya. Hapa Kenya mwaka 2012 Novo Nordisk, pamoja na serikali na mashirika ya afya ya kidini, walianza mpango ambapo chupa ya insulini ya kawaida isizidi shilingi 500 kwa mgonjwa. Pale nyuma ya daftari mama aliandika kwa penseli: 500, 500, 500, halafu mwezi mmoja "hakuna". Wamemaliza. Wakanunua nje, hakuandika bei, ameandika tu "mbuzi".

Si lazima nieleze.

Mpango mwingine ulikuja Oktoba 2015, Novartis Access, na Kenya ilikuwa nchi ya kwanza: dawa 15 za magonjwa sugu, metfomini ikiwemo, kwa dola moja kwa mwezi kwa kila tiba, bei ya kuuzia serikali na mashirika. Picha zilipigwa, watu wakashikana mikono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wakaufuatilia katika kaunti nane, wakachapisha 2019. Metfomini iliongezeka kwenye rafu za vituo vya afya. Lakini walipoenda nyumbani kwa wagonjwa, hawakuona tofauti ya maana. Dawa iko kituoni, mgonjwa yuko nyumbani, na kati yao kuna nauli, foleni, kipimo, na siku ya kibarua iliyopotea. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna kampuni imeiweka kwa kidonge.

Kitu pekee kwenye hii historia kinachonifanya nijisikie fahari kidogo kilitoka kambi ya wakimbizi, Dagahaley, kule Dadaab. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa insulini lazima ikae kwa friji. Mkimbizi hana friji. Kwa hivyo ilibidi aje hospitali ya Médecins Sans Frontières kudungwa, mara mbili kwa siku, kila siku, kama mfungwa anayeripoti. Wakapima joto halisi ndani ya nyumba za kambini, linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaipeleka hiyo ratiba ya joto kwa Chuo Kikuu cha Geneva, wakaiweka insulini humo wiki nne. Matokeo ya 2021: haikutofautiana kwa maana na ile ya friji. Watu wakaanza kujidunga nyumbani. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa. Mtu aliuliza tu kama ile sheria ni ya kweli.

Daftari la nne, mwaka jana. Daktari mpya, kijana, ameandika empagliflozini, halafu kuna mstari umepitishwa juu yake, na chini imerudi metfomini na Mixtard kama kawaida. Hiyo empagliflozini ni ya kundi linalofanya figo zikojoe sukari nje. Wazo lilitoka kwa kemikali iliyopatikana 1835 kwenye gome la mti wa tufaha. Na ni lile jaribio la lazima baada ya Avandia lililoifichua: 2015, watu 7,020 wenye sukari na ugonjwa wa moyo, vifo vya moyo vikapungua kwa asilimia 38. Hakuna aliyetegemea hivyo. Kampuni zilizolia kuhusu gharama za majaribio ziligundua zimekalia dhahabu. Sasa miongozo ya nje inasema mgonjwa mwenye shida ya moyo ama figo aangaliwe kwa hizi, bila hata kungoja metfomini ishindwe. Shirika la Afya Duniani likaliweka kundi hilo kwenye orodha ya dawa muhimu 2021.

Shosho ana shida ya moyo. Daktari alijua la kufanya, akaliandika. Mstari ule uliopitishwa juu si wa sayansi. Alimuuliza mama ana kiasi gani, mama akasema ukweli.

Na wakati mstari unapitishwa Murang'a, upande wa pili wa mtandao nauziwa Ozempic kila nikifungua simu. Semaglutidi ni dawa ya sukari, iliidhinishwa Marekani 2017, mababu zake ni pamoja na dawa iliyotokana na mate ya mjusi mmoja mwenye sumu wa jangwa la Amerika, na sitawachekesha na hiyo. Inasaidia kweli, sukari, moyo, hata uzito. 2022 na 2023 ikaadimika duniani kwa sababu watu wasio na sukari walikuwa wanaitumia kupungua, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kuhusu za bandia. Septemba 2025 likaiongeza kundi hilo kwenye orodha ya dawa muhimu, likataja bei kuwa kizuizi. Orodha ni karatasi. Aliyeandikwa kwenye orodha na aliye kwenye rafu ya zahanati ni watu wawili, kama tulivyoona kwa Novartis.

Ukiniuliza mimi, kile yule jamaa wa video anakiita njama, kubadilisha dawa, ndicho kitu kizuri zaidi kwenye hii hadithi nzima. Njama, kama ipo, iko pale dawa ilipokataa kubadilika: miaka 14 ya onyo kortini, Daonil bado kwa wazee wa miaka 80, na mstari wa kalamu juu ya empagliflozini. Hizo ndizo video ningependa kuona.

Kama una mzee nyumbani, chukua daftari lake leo usome ukurasa wa mwisho. Kama ana zaidi ya 60 na yuko kwa glibenklamidi, na amewahi kutetemeka ama kuchanganyikiwa kabla ya chakula, muulize daktari kuhusu hiyo kwa jina. Muulize figo zilipimwa lini mara ya mwisho. Usimwachishe chochote wewe mwenyewe.

Na wale wa mwarobaini na mshubiri, nimewaona, mmenitag tangu jana. Galega ilikuwa mmea pia, kwa hivyo siwacheki. Tutaongea Alhamisi, mje na majina ya mimea na vipimo, sio "binamu yangu alipona."